Kilango cha Moshi

Venera ndiye aliyekuwa akikibeba, kwenye mkoba wake wa kununulia viazi, kikigongana na kipimo cha presha kila alipopiga hatua. Kilikuwa kilango cha moshi cha jiko langu: kipande cha chuma chembamba chenye upana wa viganja viwili na mkia wa kushikia, kinachosukumwa ndani ya bomba ili joto lisitoroke. Kila nyumba ya mtaani kwetu ina cha namna hiyo. Changu kilikuwa maarufu kwa sababu kiliua.

Kilimuua Aizirek, mke wa mwanangu, pamoja na mtoto wake ambaye alikuwa hajatoka arobaini. Ilikuwa majira ya baridi yaliyopita. Mwanangu alikuwa Urusi kwenye kazi za ujenzi, na mimi nilikuwa nimekwenda mjini Naryn kwenye matanga ya binamu. Aizirek alijaza makaa ya mawe jikoni, akangoja moto ushuke, halafu akasukuma kilango makaa yakiwa bado hai, kwa sababu sisi sote tulikuwa tumemwambia mtoto wa arobaini asipigwe na baridi. Mimi nilimwambia. Mama yake alimwambia kwa simu. Majirani walioleta maziwa na mkate walimwambia. Hakuna aliyemwambia kwamba makaa yakifungiwa bomba hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, na hewa hiyo haibishi hodi.

Niliporudi niliwakuta mashavu yao ni mekundu. Nikafikiri, hawa leo wamelala vizuri. Nikaenda kwanza kuchemsha chai.

Basi, hayo ndiyo yaliyotokea. Nimeyasema mara nyingi mno, mezani kwa watu, mpaka yamekuwa kama habari za mtu mwingine.

Baraza letu la Afya la Mtaa ni sisi wanawake wachache, Venera akiwamo, na Kubat, fundi wa kuchomelea vyuma. Hatulipwi kitu, ingawa watu wanaapa kwamba tunalipwa na tunaficha. Tunapima presha, tunadondoshea chumvi dawa ya kuonyesha kama ina madini joto, tunawafokea wavuta sigara. Mwenyekiti wetu ni Sairash, nesi mstaafu, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha zahanati nzima. Mambo ya majiko hayakuwamo katika kazi zetu. Yaliingia siku ya mazishi, Kubat alipokichomoa kile kilango kwa koleo, Sairash akakitazama, kisha akanitazama mimi.

"Dada Kalipa," akasema, "hiki tukitumie."

"Kichukueni," nikamjibu. Hata wangeomba mlango wa nyumba ningesema wauchukue.

Hivyo nikageuka bango. Tuliingia nyumba za watu, Venera akakitoa kilango na kukiweka mezani. Mara ya kwanza alikiweka karibu na mkate, na mwenye nyumba akauvuta mkate wake pembeni. Sairash alieleza habari ya hewa, halafu kila mtu akanigeukia. Wanawake walilia. Mimi niliangalia mapazia yao. Baada ya hapo Kubat alikata tundu la ukubwa wa yai kwenye kilango cha nyumba hiyo, ili hata kikisukumwa mpaka mwisho bomba libaki na pa kupumulia. Wengi walikubali. Wengine walituuliza kama tunataka wawapashe moto ndege wa angani.

Tangu mazishi yale nilikuwa sisikii baridi. Nyumbani sikuwasha tena jiko, nilikuwa na hita ndogo ya umeme, na hiyo nayo niliisahau. Nilitoka bila koti wakati maji yanaganda kwenye ndoo.

"Dada, utatuaibisha," Venera alikuwa akinitania. "Mjumbe wa baraza la afya anatembea na sweta tu! Ukiugua nikupime mimi? Mimi mwenyewe najua kupima viazi tu."

Nilicheka, kwa sababu pale watu hucheka.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, Gulzada alijifungua mtoto wa kiume. Gulzada ni mkwe wa Bibi Burul, na Bibi Burul ni jirani yangu, ukuta mmoja. Mume wa Gulzada naye yuko hukohuko Urusi. Baraza lilikutana kwa Sairash, tukanywa chai na jamu ya aprikoti, na Sairash akaanza kushtaki.

"Jana tumekwenda kwa Bibi Burul. Mkono ametupa, tumempima. Chai katunywesha mpaka nikaogopa kucheka. Jiko katunyima."

"Kaniambia, 'Jiko hili alilijenga marehemu mume wangu nyinyi mkiwa mnanyonya,'" akadakia Venera, akimwiga na mdomo wake. "Nikamwambia, bibi, mimi nina wajukuu. Kanijibu, 'Basi nenda kawalee.'"

Wakacheka, kisha kicheko kikaisha, na macho yote yakanijia.

"Wewe ndiye jirani yake," akasema Sairash.

"Siwezi kuingia. Niko msibani mpaka mwaka uishe, na mtoto hajatoka arobaini. Nyumba ya mtoto kama huyo mtu wa msiba haingii. Mnajua."

"Mambo hayo ya..." Sairash alianza kwa ile sauti yake ya zahanati, halafu akameza maneno. Miezi michache nyuma yeye mwenyewe alipata mjukuu, na hakuniambia mpaka siku arobaini zilipopita. Mimi nilijua tangu siku ya pili. Sikumlaumu. Nesi ni nesi kazini, nyumbani ni bibi kama mabibi wengine.

"Basi simama getini," akasema kwa upole.

Nikaenda nikasimama getini. Bibi Burul alitoka na aproni yake, akasimama katikati ya njia, mikono kiunoni.

"Kalipa, mwanangu, Mungu akupe subira. Hapo usivuke."

"Sivuki, bibi. Nimekuja kwa ajili ya kile kilango."

"Habari ya kilango nimeisikia. Mtaa mzima umeisikia. Mbwa wangu ameisikia."

"Mwenzako akinyolewa, bibi..."

"Nitie maji, siyo? Kakunyoa nani wewe? Kakunyoa Mungu, si jiko. Na jiko lako lilijengwa na yule mlevi, nani asiyejua. Langu linavuta kama farasi." Aliliangalia sweta langu, akashusha sauti. "Mbona hukuvaa koti? Ngoja."

Akaingia, akarudi na mkate wa moto, akanipa juu ya geti huku akinyoosha mkono ili vidole vyetu visigusane. "Usiondoke mikono mitupu. Lakini jiko langu niachie."

Nilikula ule mkate nikiwa nimesimama jikoni kwangu, na kutoka dirishani nikawa naliona bomba lake. Ndiyo kazi niliyoianza siku hiyo, ya kuangalia bomba la jirani. Makaa yakitiwa mapya moshi hutoka mweusi. Baadaye huwa wa kijivu, halafu mwembamba, na mwisho hubaki hewa inayotetemeka tu juu ya tofali. Ukikatika ghafla, mtu amesukuma kilango. Watu husema panapofuka moshi hapakosi moto. Mimi mwenzenu naogopa pale panapoacha kufuka. Bibi Burul, nikubali, alikuwa na subira. Aliuacha moshi uishe kabisa ndipo afunge. Sikuwa nikiangalia kwa upendo. Macho yalihitaji pa kukaa.

Siku za arobaini zilipokaribia kwisha, Bibi Burul alianza kupita kuomba vitambaa. Kwetu mtoto akitimiza arobaini huvishwa kishati kilichoungwa kwa vipande arobaini, kila kipande kutoka kwa mtu mwingine, ili maisha yake yashikwe na mikono mingi. Hakuna anayenyima kitambaa. Nilimwona akitoka kwake mchana na mkoba, amejifunga shali, na bomba nyuma yake linatoa moshi mweusi. Alikuwa ametia makaa kabla ya kutoka.

Nikafanya upumbavu. Nikafungua sanduku, nikakata kipande cha kitambaa chekundu, nikakiweka dirishani.

Aliingia geti la ng'ambo ya njia. Akatoka. Alipofika kwangu alikuwa akitazama theluji mbele ya miguu yake kama mtu aliyeangusha sindano, na hivyohivyo akapita, akaingia geti la baada yangu. Nikakirudisha kitambaa sandukuni. Nikaosha kikombe ambacho kilikuwa kisafi. Nilijiambia sihisi kitu.

Nilipoinua macho, moshi haukuwepo.

Haukuwa mwembamba, haukuwa wa kijivu. Ulikuwa umekatika. Theluji iliyozunguka bomba ilikuwa imeyeyuka na tofali likitoa jasho, na juu yake hakuna kitu, mbingu tupu. Bibi Burul alikuwa mbali, nyumba za mwisho. Gulzada alikuwa peke yake na mtoto.

Nilisimama. Nataka mjue nilichofikiri, kwa sababu hakikuwa kizuri. Nilifikiri, nikiingia humo na kesho mtoto akakohoa tu, mtaa wote utasema Kalipa ndiye aliyemletea. Mtoto akifa kwa homa mwezi ujao, nitakuwa mimi. Hakuna geti litakalofunguliwa tena kwa baraza, na matundu ya Kubat watu watayachomelea upya. Nilifikiri pia kwamba pengine nimekosea, pengine makaa yalikuwa machache.

Nikatoka, nikaita juu ya ukuta. "Gulzada! We Gulzada!"

Mbwa alibweka. Nikaita tena. Mzazi mchanga mchana amelala, nikajiambia, si lazima awe na jambo. Alikuwa amelala pia Aizirek.

Nikapanda ukuta. Mwanamke wa umri wangu, kama mwizi wa kuku. Gauni lilinasa kwenye waya, likachanika pindoni, nikaangukia upande wa pili kwa magoti.

Ndani joto lilikuwa la hamamu. Gulzada alikuwa ameegemea ukuta juu ya magodoro, ametapika kifuani, macho yamefunguka hayaangalii popote. Mtoto alikuwa kwenye kitanda chake cha kubembea, amefungwa vizuri, mashavu mekundu. Mashavu yale nilikuwa nayajua.

Nikamfungua, nikatoka naye, nikamviringisha kwenye sweta langu na kumweka kwenye kibaraza. Nikarudi, nikamkamata Gulzada kwapani nikamburura mpaka mlangoni, mzito kama gunia, akiguna. Nikarudi tena nikachomoa kilango kwa mkono mtupu na kukitupa sakafuni. Niliiona ngozi ya kiganja changu ikibadilika rangi. Niliiona tu.

Nilimpigia simu Sairash. Halafu nilimbeba mtoto nikamgeuzia uso penye upepo. Hakuwa akilia. Nilimpigapiga nyayo.

"Lia," nikamwambia. "Lia wewe, lia basi."

Akalia. Mimi nilisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Bibi Burul aliingia getini na mkoba wake umetuna. Aliona mlango wazi, mkwewe amelala kizingitini, na mjukuu wake mikononi mwa mtu wa msiba, nje, kwenye baridi kali.

"Umefanya nini?" Sauti yake haikutoka vizuri. "Umefanya nini wewe? Umemtoa mtoto wa arobaini kwenye theluji! Wewe uliyezika! Wako hawakukutosha?"

Akanipiga na mkoba. Ukafunguka, na vitambaa vikatapakaa juu ya theluji. Akanipiga tena na mkoba ulio mtupu. Sikumkwepa, nilimgeuzia mgongo tu ili asimguse mtoto.

Sairash alifika mbio akiwa na kandambili za ndani, akamshika mkono. "Bibi, acha! Mwangalie mkweo!"

Gulzada alikuwa amejiinua kwa kiwiko. Alitapika tena, kisha akasema, polepole, kama mlevi, "Mama, nimekifunga mimi. Mtoto alipiga chafya. Ulisema nisiache joto litoke."

Bibi Burul alikaa chini kwenye theluji. Gari la wagonjwa likaja, likawachukua wote watatu. Nilibaki pale uani. Niliokota vitambaa kimoja kimoja, nikavikung'uta, nikavirudisha mkobani, nikautundika getini.

Walikaa hospitali siku kadhaa. Mtaani maneno yalikuwa mawili. Wengine walisema nimemwokoa mtoto. Wengine walisema haya, ngojeni, nuksi haina haraka. Nami nilingoja pamoja nao. Venera alikuja kunifunga kiganja na dawa ya kuungua akaniuliza kama kinauma, nikamwambia hapana, akanitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama.

"Dada, hii inapaswa iume," akasema.

Walirudi nyumbani. Mtoto hakukohoa. Siku yake ya arobaini ilipofika, asubuhi, geti langu liligongwa. Alikuwa Venera na mkoba wa viazi, na nyuma yake Bibi Burul mwenye kitu kilichofungwa kwa gazeti. Alikifungua. Kilikuwa kilango chake, mkia wake umepinda pale nilipokitupa.

"Hiki ndicho mtakachobeba," alimwambia Venera, si mimi. "Na mimi nitakwenda nanyi. Wakikiona changu, na mimi nimesimama hapo mzima na ulimi wangu, watasikia. Atakayeniambia habari ya ndege wa angani atanijua."

Venera akaingiza mkono mkobani, akatoa changu, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Chako kimestaafu, dada. Kimefanya kazi kuliko mbunge wetu." Alitaka kuongeza utani mwingine, akashindwa, akaondoka haraka.

Nilibaki na kile chuma mkononi, na Bibi Burul hakuwa anaondoka.

"Nina jambo jingine," akasema. Akatoa kifuani kishati kidogo cha vipande, chekundu, cha bluu, cha maua, kimeshonwa kwa mkono. Chini ya kwapa palikuwa na nafasi wazi. "Vilitimia arobaini. Nimefumua kimoja."

"Cha nani?"

"Changu." Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu kule uani. "Nipe chako."

"Bibi, mimi ni mtu wa msiba."

"Najua wewe ni mtu wa nini, nilikuambia mwenyewe, na mkoba nikakupiga. Nipe. Cha sandukuni sikitaki. Nipe cha hilo gauni ulilomtolea."

Lilikuwa lilelile. Sikuwa na moyo wa kulishona wala wa kulivua. Alitoa mkasi. Niliinama, nikakata pale pindo lilipochanika, nikampa. Akakaa kwenye ngazi ya mlango wangu, akatia uzi, akaanza kushona palepale, midomo ikitembea kwa dua.

Upepo uliingia pale nilipokata. Ulinipiga kwenye goti, ukapanda, na kwanza sikujua ni nini. Kisha kiganja kikaanza kuuma, kikauma kweli, mpaka kilango kikaniponyoka na kulia juu ya saruji.

"Bibi," nikasema. "Nasikia baridi."

Hakuinua macho kwenye sindano. "Washa jiko."

"Halina kilango."

"Ndiyo maana nasema uwashe."

Makaa ya mwaka jana yalikuwa bado kwenye ndoo, Aizirek aliyachota mwenyewe, na kijiko chake cha makaa kilikuwa kimelazwa juu yake. Nilipiga magoti mbele ya jiko na kiberiti mkononi, na hapo ndipo nililia. Nilimlilia kwa jina, nikamlilia na mtoto wake, kwa sauti, kama tunavyolia kwetu, mambo ambayo nilipaswa kuyalia siku ile watu wote walipokuwa wakinitazama. Iliniuma kila mahali. Bibi Burul aliingia, akanichukua kiberiti mkononi, akawasha yeye.

Alitoka nje kuliangalia bomba. Aliporudi alikung'uta theluji miguuni akaniambia moshi unakwenda vizuri.